Damu ya Nafula Ilikuwa Ikienda Wapi

Siku ya kwanza kazini nilitapika. Nawaambia hivyo mapema, nyinyi mnaosomea kazi ya maabara, msije mkadhani mnasoma habari za shujaa. Nilikuwa nimeripoti Taveta, katika hospitali ndogo isiyo mbali na mpaka, ndani ya koti jeupe lililonipwaya mabegani. Kabla hata sijaonyeshwa choo kiko wapi, nikaambiwa niandae damu ya mama aliyekuwa akivuja baada ya kujifungua. Nilizunguka nyuma ya jengo, nikatoa chai na mandazi yote ya asubuhi, nikasukutua mdomo, nikarudi ndani.

Msimamizi wa Maabara alikuwa ameniona dirishani. Alikuwa Mwislamu wa Pwani, mtu mpole, mwenye Kiswahili kilichonifanya mimi Mdawida wa milima ya Taita nione haya kufungua mdomo. Hakunicheka.

"Umeogopa, mwanangu?"

"Kidogo, mzee."

"Sema kweli."

"Nimeogopa sana."

"Vyema. Damu hii ukimpa mtu isiyomwafiki utamuua, na hali mkono wako haujamgusa. Siku utakapoifanya kazi hii bila ya kuogopa, njoo univulie hilo koti nikakutafutie kazi ya duka la vitambaa."

Basi akanifundisha kulinganisha damu, kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu. Unachukua chembe za damu ya anayetoa na majimaji ya damu ya anayepokea, unazikutanisha ndani ya mrija wa kioo na kutazama kama zinapatana. Zikipatana hutulia. Zisipopatana hushikana madonge, kama uji uliokosa mkorogaji. Za mama yule wa Taveta zilipatana. Nilipoona zimetulia nililia, na mzee akanipa leso yake ya mfukoni.

Jambo la pili alilonifundisha alilisema siku nyingine, wakati wa kusafisha vioo. "Damu haipotei," aliniambia. "Damu huenda mahali. Mtu akikujia amepauka midomo na viganja, usiandike tu kuwa damu yake ni chache ukaenda zako kula. Jiulize imekwenda wapi."

Taveta jibu lilikuwa rahisi. Watoto waliletwa kutoka Mboghoni, kwenye mashamba ya ndizi na mifereji ya kumwagilia maji, na pale penye maji yaliyosimama kuna mbu. Niliweka tone la damu chini ya hadubini, nikawaona vijidudu vya malaria ndani ya chembe, kama pete ndogo. Wakizaliana, chembe hupasuka. Kwa hiyo damu ilikuwa ikipasukia ndani ya mwili. Jibu likapatikana, dawa ikatolewa, na watoto wengi wakarudi nyumbani migongoni mwa mama zao.

Nikahamishiwa Mwatate, kwenye zahanati iliyohudumia wafanyakazi wa mkonge. Bosi wangu huko alikuwa Afisa wa Kliniki, mtu wa bara mwenye sauti ya kuchunga ng'ombe. Akija mgonjwa aliyepauka, hata kabla hajaketi, yeye alishapiga kelele: "Tumbo! Angalia tumbo!" Na mara nyingi alikuwa sahihi. Watu walikuwa wakitembea miguu mitupu kwenye udongo wenye unyevu, minyoo ya safura ikawapenya nyayo na kwenda kujishikiza matumboni, inanyonya. Nilipima vinyesi mpaka nikawa siwezi kula dengu. Damu ilikuwa imeenda tumboni, na jibu likapatikana tena.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba nilipopelekwa Voi nilijiona nimekomaa. Woga niliubakisha mkononi tu, wakati wa kulinganisha damu, kama nilivyoagizwa. Woga wa jambo nisilolielewa nilidhani nimeshaumaliza.

Voi mnaijua. Ukitaka kumtambua mgeni wa Voi, tazama soksi zake. Kama ni nyeupe, ameshuka jana. Udongo ni mwekundu, vumbi ni jekundu, maji ya kufulia huwa mekundu hata nguo ikiwa safi, na ndovu wetu, ambao kwingine ni wa kijivu, huku ni wekundu. Mtoto akirudi kutoka shule akiwa na wekundu kwenye magoti, kola na mikono ya sweta, hakuna mama anayeuliza. Anachukua sabuni.

Hospitali niliyofanyia kazi kwa miaka yangu ya mwisho sitaitaja jina, maana hakuna aliyekosea peke yake. Hapo ndipo Nafula alipoletwa, amevaa kaptula ya michezo na sweta ya shule, akiwa darasa la kwanza. Baba yake alikuwa fundi wa reli, mtu wa magharibi aliyeletwa Voi na kazi. Mama yake alikuwa mwanamke mwembamba aliyesimama wima hata akiwa amechoka. Malalamiko yalikuwa ya kawaida: mtoto anachoka, hachezi, analala darasani.

Nilimtoboa kidole na tone likatoka limepauka, kama sharubati iliyozidishwa maji. Nikapima hemoglobini, ule wekundu wa damu unaobeba hewa mwilini. Ilikuwa chini kiasi kwamba nilirudia kipimo nikidhani mashine ina wazimu. Malaria hakuna. Minyoo hakuna. Akaongezewa damu, akapewa sharubati ya madini ya chuma, akaenda nyumbani anarukaruka.

Baadaye akarudi vilevile, amepauka, amelala begani.

Tukamwongezea tena, akachangamka tena, akarudi tena. Nikaanza kulijua jina lake kabla ya kulisoma. Kila kikaratasi cha kuomba damu kikiingia kwenye kidirisha chetu, nilikuwa naomba Mungu kiwe cha mtu mwingine yeyote. Watoto wa wadi walizoea kuniita Mama Sindano na kunikimbia. Nafula hakunikimbia. Alininyooshea kidole mwenyewe, na hilo liliniumiza kuliko kama angelia.

Kisha akaanza kukohoa, na homa za kuja na kuondoka. Picha ya eksirei ikaonyesha mawingu kwenye mapafu yote mawili. Mtoto anakohoa, amekonda, mapafu yana mawingu: katika nchi hii kila mtu aliyevaa koti jeupe atakuambia ni kifua kikuu, na mara nyingi atakuwa sahihi. Nilitafuta vijidudu vya kifua kikuu kwenye sampuli zake, sikuviona, lakini kwa watoto mara nyingi havionekani. Akaanzishwa dawa.

Kila alipoletwa, mama yake aliulizwa swali lile lile: "Anatema damu?"

"Hapana, hatemi."

Na ni kweli alikuwa hatemi.

Siku moja Mama Nafula alikuja kwenye kidirisha changu peke yake. Alikuwa ameacha kusimama wima.

"Daktari," akaniambia, maana Voi kila mwenye koti jeupe ni daktari, "nikuulize kitu na usinifiche. Hii damu mnaweka kwa mtoto, inaendanga wapi?"

"Bado tunatafuta, Mama Nafula."

"Majirani juu kwa ploti wanasema ananyonywa. Mama ya bwana yangu amepiga simu kutoka nyumbani, anataka mtoto aletwe huko waangalie ni nani anamkula. Ananiuliza mimi! Ati ni kama mimi ndio naikunywa."

Nilitaka kumpa jibu. Nilikuwa na miaka chungu nzima ya kazi, nilikuwa na cheti ukutani, na mbele yangu alisimama mama akiniuliza swali lile lile nililofundishwa na mzee wa Taveta. Damu ya watu wazima kadhaa ilikuwa imeingia ndani ya kitoto kile na kutoweka, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitoa kwenye friji na kuipeleka. Usiku ule nyumbani niliacha taa ya sebuleni ikiwaka, mtu mzima mwenye mjukuu.

Shule zilipofungwa, jirani mmoja akamshauri Mama Nafula kwamba vumbi la Voi ndilo linalomharibu mtoto kifua. Mama Nafula alikuwa na dada aliyeolewa Mboghoni, analima ndizi na nyanya. Basi akamchukua Nafula akampeleka huko, wakakaa likizo nzima penye hewa ya miti na maji. Nilifurahi. Nilijiambia kwamba huenda ni vumbi kweli, na nilijua najidanganya.

Waliporudi, waliteremka kwenye gari la Taveta na kuja moja kwa moja hospitalini, kwa sababu mtoto alikuwa amelegea njiani. Asubuhi hiyo palikuwa na kibaridi, naye alikuwa amevaa ile sweta ya shule, ya kijivu. Nilimketisha kwenye kiti, nikamwambia kunja mkono, nyoosha mkono, nikitafuta mshipa. Na pale penye mkunjo wa kiwiko, upande wa ndani, nikaona doa kubwa jekundu lililokauka.

Nikamtania mama kama tunavyotaniana huku. "Mama Nafula, na wewe sabuni imekushinda? Umemleta mtoto na udongo wote wa Voi."

"Hiyo sweta nimefua jana," akasema. "Jana jioni, kwa mfereji wa dada yangu. Ameivaa leo kwa gari."

"Basi ni vumbi la stendi."

"Stendi gani? Tumeshuka tukakuja hapa. Na kule Mboghoni udongo ni mweusi, daktari. Hakuna udongo wa hivi."

Nikaishika ile sweta. Nyuma ya kiwiko, mahali ambapo mtoto huegemea na kuanguka, palikuwa safi kabisa. Doa lilikuwa ndani, kwenye mkunjo. Udongo hauingii huko. Nikainua macho, nikaona ukutani lile tangazo la tangu wakati wa korona ambalo hakuna aliyewahi kulibandua: mtoto aliyechorwa akikohoa huku amefunika mdomo kwa kiwiko.

"Nafula," nikasema, "ukikohoa, huwa unafanyaje?"

Akakunja mkono, akaweka mdomo kwenye mkunjo wa sweta. Mwalimu wake angempa alama zote.

"Na kitu kikija mdomoni?"

"Nameza."

"Hutemi?"

Akatikisa kichwa kwa mshangao, kama nimemwambia atukane. "Teacher alisema kutema mate ni tabia mbaya. Inaleta ugonjwa kwa wengine."

"Hicho unachomeza kina ladha gani?"

Alifikiri. "Kama mdomo ya mfereji."

Mnaujua mfereji wa shule, ule wa chuma ambao watoto hunywa kwa kuuweka mdomoni. Ladha yake ni kutu.

Mama yake alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Nilikata nyuzi chache za lile doa, nikazitia kwenye kisahani cheupe chenye maji ya chumvi. Kwenye kisahani cha pili nikakwangua udongo wa soli ya kiatu changu. Tukangoja. Udongo wa kiatu ulizama, ukakaa chini kama mchanga, maji juu yake yakawa meupe. Zile nyuzi hazikutoa mchanga wowote. Maji yake yalianza kuwa ya waridi, kidogo kidogo, yakaenea mpaka ukingoni. Nikachukua tone, nikaliweka chini ya hadubini. Chembe za damu zilijaa uwanja mzima. Katikati yake palikuwa na chembe nyingine kubwa, nene, zimejaa punje za rangi ya kahawia, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona isipokuwa kwenye kitabu.

Nikafuta lenzi, nikaangalia tena.

Hebu angalieni jinsi ugonjwa ule ulivyojificha, maana ndilo somo lenyewe. Sweta ilikuwa nyekundu, tukasema ni udongo wa Voi. Choo cha mtoto kilikuwa cheusi, tukasema ni ile sharubati ya chuma, ambayo kweli hufanya choo kuwa cheusi, kumbe ilikuwa pia damu aliyoimeza. Mate yake yalipoonekana na rangi, tukasema ni dawa ya kifua kikuu, ambayo kweli hupaka mate na mkojo rangi ya chungwa. Kila dalili ilikuwa na kisingizio, na kila kisingizio kilikuwa cha kweli. Mtu wa Nairobi angeona doa jekundu kwenye sweta akauliza. Sisi wa Voi hatuulizi.

Daktari wa Watoto alikuwa kijana mwenye umri wa kuwa mwanangu, aliyeniita Madam na kusimama nikiingia. Nilimpelekea visahani vyote viwili. Akaangalia, akaenda kwenye hadubini, akakaa huko muda mrefu.

"Madam, kuna ugonjwa tulifundishwa chuoni nikasema huu sitauona maisha yangu yote," akasema. "Unaitwa himosiderosisi ya mapafu."

Akanieleza, nami nawaeleza. Mishipa midogo kabisa ya mapafu inavuja, tena inavuja ndani, kwenye vile vifuko vya hewa. Chembe za usafi za mwili huja kuila ile damu iliyomwagika, lakini chuma kilichomo ndani ya damu haziwezi kukitoa nje, zinabaki nacho pale pale mapafuni. Ndizo zile chembe nene zenye punje za kahawia. Kwa hiyo mtoto ana chuma tele ndani ya kifua chake, na mwili wake unakufa kwa kukosa chuma cha kutengenezea damu mpya, kama mtu aliyefungiwa unga kwenye ghala asiyo na ufunguo wake. Kwa watoto wengi haijulikani kwa nini mishipa inavuja. Kwa wengine wachache maziwa ya ng'ombe yanahusika, na ndiyo maana Nafula alikatazwa maziwa tangu siku hiyo. Hauambukizi. Hautokani na mtu kumla mtoto.

"Damu yake imekuwa ikienda kifuani," nikasema.

"Na sisi tukiongeza juu," akajibu.

Dawa yake ni steroidi, dawa ya kuutuliza mwili usijishambulie. Lakini steroidi huulaza ulinzi wa mwili, na kama mawingu yale kwenye picha yangekuwa kifua kikuu kweli, dawa hiyo ingeweza kukipa nafasi ya kutapakaa. Daktari alitaka uhakika. Tungetoa majimaji ya tumboni mwa mtoto asubuhi kabla hajala, kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani, kwa sababu mtoto anayemeza makohozi huwa ameyaweka huko. Mimi ningeyapaka rangi maalumu inayokigeuza chuma kuwa cha buluu. Rangi yenyewe hatukuwa nayo. Nikampigia simu mwenzangu wa Mombasa, akaahidi kuituma kesho yake.

Nafula hakungoja kesho.

Mchana ule ule, wadi ikiwa imejaa wageni waliokuja na vyombo vya chakula, akakohoa, na safari hii mkunjo wa kiwiko haukutosha. Sista wa wadi alinipigia simu na alichosema ni "Madam, damu, upesi" tu. Nilikimbia kwenda kuchukua sampuli. Nafula alikuwa amekalishwa, ana barakoa ya oksijeni, midomo ya buluu, na kifuani pa gauni la hospitali pamelowa wekundu ambao sasa hakuna mtu angeuita udongo. Macho yake yalikuwa makubwa sana. Alininyooshea kidole.

Nikarudi kwenye maabara. Mwili uliopewa damu za watu wengi hujifunza kukataa. Nilichukua chupa ya kwanza kwenye friji, ya kundi lake, nikalinganisha. Ikashikana madonge. Nikachukua nyingine. Madonge. Ya tatu, vivyo hivyo, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya kundi lake. Nje ya mlango nilimsikia Mama Nafula akiomba kwa Kibukusu, lugha nisiyoijua, na nikaelewa kila neno.

Baba yake alifika kutoka kazini na wenzake wa reli, wamevaa zile jaketi zinazong'aa, mikono imekunjwa tayari. "Toa kwetu," akasema. "Toa yote." Niliwatoa mmoja baada ya mwingine, nikapima, nikalinganisha. Nawaambia ukweli, sijawahi kuogopa namna ile. Niliogopa mrija, niliogopa macho yangu mwenyewe yasinidanganye, niliogopa kuona kutulia mahali ambapo hapakuwa na kutulia kwa sababu tu nilitaka sana kukuona. Nilirudia kila kimoja. Damu ya baba ilishikana. Kisha ikaja ya fundi mmoja mnene aliyekuwa akitetemeka kwa kuogopa sindano, na chembe zikazama taratibu zikatulia. Nikarudia. Zikatulia. Nikarudia tena.

Nilipoifikisha wadini Daktari wa Watoto alikuwa ameshika sindano nyingine mkononi.

"Naanza steroidi sasa," akasema. "Siwezi kungoja rangi ya Mombasa. Nikikosea, nitajibu mwenyewe."

"Unaogopa?" nikamuuliza. Sijui kwa nini nilimuuliza.

"Sana, Madam."

"Vyema."

Rangi ilikuja kwa gari la asubuhi. Nikapaka kioo, nikakiosha, nikainama. Zile punje zote za kahawia zilikuwa zimegeuka buluu, buluu ya wino wa shule. Uwanja mzima. Nilimwita daktari aone, akaona, akaegemea ukuta akafunga macho. Hatukushangilia. Kujua jina la kitu kinachomla mtoto si sawa na kukiondoa. Lakini niliweza kwenda kwenye kile kitanda na kumjibu mama yake swali lake, mbele ya mama mkwe aliyekuwa amesafiri usiku kucha kutoka magharibi kuja kumchukua mjukuu. Nilimwonyesha kwa kidole: hapa, kifuani, damu ilikuwa inavujia hapa, na mtoto alikuwa anaimeza kwa sababu amefundishwa adabu. Yule bibi alimtazama mkaza mwanawe. Kisha akavua leso yake, akamfunika nayo mabegani.

Walimpeleka hospitali kubwa Mombasa, wakathibitisha. Nafula alivimba mashavu kwa zile dawa akawa kama mwezi, akala kila kitu kilichokuwa mezani, akakua. Ugonjwa haukuisha. Ulirudi, tukautuliza, ukarudi tena. Daktari aliwaambia wazazi bila kuficha kwamba unaweza kukaa kimya muda mrefu na siku moja ukaamka. Mama yake akaweka sheria mbili nyumbani. Sweta yoyote ya Nafula iwe nyeupe, walimu wakasirike watakavyo. Na Nafula akikohoa akohoe kwenye kitambaa cheupe, ateme, akifunue, aangalie, aonyeshe mtu.

Mimi nimestaafu sasa. Waliniaga kwa soda na keki, Msimamizi mpya akatoa hotuba, nami nikakunja koti nikalirudisha kama yule mzee wa Taveta alivyoniagiza, ingawa sababu haikuwa ile. Ninakaa Mwatate, kwenye nyumba yenye uwanja mwekundu kama viwanja vyote. Vijana huniuliza ni kifaa gani kimeleta mabadiliko makubwa kazini wakati wangu. Nawatajia mashine, wanaridhika. Lakini nikiwa peke yangu, nikianua nguo kwenye kamba na kuona alama nyekundu kwenye mkono wa shati la mjukuu, kapu huliweka chini. Nakunja kile kiwiko na kuangalia ndani. Kila mara.

Likizo iliyopita Mama Nafula alikuja kunisalimia pamoja naye. Msichana sasa ni mrefu, mjeuri kidogo, ananiita Kukhu, nyanya, kwa lugha yao. Alikuwa akikimbizana na wajukuu zangu uwanjani. Sisi tulikuwa mezani na chai. Tukamsikia akikohoa.

Mara moja tu. Mama yake alikuwa ameshasimama, na mimi pia, na kikombe changu kilikuwa kimemwagika.

Nafula aliingia na kitambaa mkononi, amekifunua. Katikati palikuwa na doa jekundu.

"Ni vumbi, Kukhu," akasema. "Nimeanguka, nikapanguza mdomo. Ni vumbi tu."

Nilichukua sahani nyeupe kabatini, nikamimina maji, nikakizamisha kile kitambaa na kukisugua. Maji yakachafuka. Tukasimama watatu juu ya sahani ile, tukingoja kuona kama wekundu utaenea au utatulia. Kisha mchanga ukaanza kushuka, punje kwa punje, ukakaa chini. Maji yakabaki meupe.

Hapo ndipo mama yake alipoketi.